Macinya, Umuravumba na Maabara: Historia ya Usugu wa Bakteria Nchini Burundi na Nafasi ya Mimea Dawa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia mbili zilizokwenda sambamba katika eneo la Maziwa Makuu tangu mwaka 1979. Ya kwanza ni ya bakteria wa kuhara damu, Shigella dysenteriae aina ya 1, waliozishinda dawa za bei nafuu moja baada ya nyingine mpaka, kufikia mwaka 1990, Burundi ikabaki bila dawa ya kumeza ya kutegemewa dhidi yao. Ya pili ni ya utafiti wa mimea dawa uliofanyika Butare, na baadaye Burundi. Hoja kuu ni kwamba ushahidi wa maabara hauungi mkono dai kuwa mimea ingeizima macinya, wala haiungi mkono dai kuwa mimea haina thamani. Unaonyesha mahali mahususi ambapo mimea ina uwezo, na unaonyesha kuwa kilichokosekana ni utaratibu wa kudumu wa kuwakutanisha bakteria sugu wa wagonjwa wa eneo hili na mimea ya eneo hilihili katika maabara moja. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya kisera.

1.0 Utangulizi

Mutanga Sud ni mtaa wa makazi jijini Bujumbura, kwenye miinuko ya mashariki inayolitazama Ziwa Tanganyika. Jirani yake ipo Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, taasisi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Sehemu kubwa ya wanasayansi wa Burundi wamepitia katika chuo hiki, na misukosuko ya kisiasa iliyoivuruga nchi katika miaka ya 1990 ilifika hadi ndani ya mabweni yake. Kwa sababu hiyo, ni mahali panapofaa kuuliza swali ambalo leo linazikabili wizara zote za afya za Afrika Mashariki: je, mimea dawa inaweza kuchukua nafasi gani pale viuavijasumu vinaposhindwa?

Swali hili si la pembeni. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na kwamba Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kulingana na idadi ya watu. Mijadala ya sera kuhusu mimea, hata hivyo, mara nyingi huegemea upande mmoja kati ya miwili: upande unaoiona mimea kama hazina iliyopuuzwa na upande unaoiona kama imani tu. Historia ya Burundi na majirani zake inatoa data ya kutosha kuzipima pande zote mbili.

2.0 Macinya na Kuporomoka kwa Dawa, 1979–1995

Bakteria wa kuhara damu alitambuliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897, wakati wa mlipuko mkubwa nchini humo. Japani hiyohiyo ndiyo iliyotoa onyo la kwanza kuhusu usugu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa huko waligundua kuwa Shigella aliye sugu kwa dawa kadhaa anaweza kumpa bakteria mwingine usugu wote kwa mkupuo mmoja, kwa kumpitishia kipande kidogo cha DNA kinachoitwa plasmidi. Maana yake ilikuwa kwamba usugu hauhitaji kuzaliwa upya katika kila bakteria. Unaweza kurithishwa na hata kuazimwa kwa jirani. Mwaka 1969 Guatemala na nchi jirani za Amerika ya Kati zilipatwa na mlipuko wa bakteria wa namna hiyo, na vifo vikahesabika kwa maelfu.

Mlipuko wa Afrika ya Kati ulianza mwishoni mwa mwaka 1979 kaskazini-mashariki mwa Zaire. Katika miaka michache ulikuwa umeingia Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania. Katika Burundi na Rwanda watu waliuita macinya, na jina hilo likapata uzito wa pekee: tofauti na kuhara kwa kawaida, maradhi haya hayaponi kwa maji ya chumvi na sukari peke yake. Bakteria huuchimba ukuta wa utumbo mpana, hutoa sumu, na kwa watoto na wazee huweza kuua hata kabla mwili haujapungukiwa maji. Jambo jingine lililoufanya mlipuko uwe mgumu kuudhibiti ni kiasi kidogo cha uambukizo kinachohitajika: bakteria kumi hadi mia moja wanatosha kumwambukiza mtu, ilhali kipindupindu kwa kawaida huhitaji idadi kubwa zaidi kwa mbali. Mkono mmoja usiooshwa unatosha kuieneza macinya katika nyumba nzima.

Tangu mwanzo bakteria wa mlipuko huu alikuwa sugu kwa dawa kadhaa za zamani, zikiwamo tetrasaiklini na kloramfeniko. Ampisilini na kotrimoksazoli nazo zikapoteza nguvu. Asidi ya nalidiksiki, iliyogunduliwa mwaka 1962 na kutumiwa zaidi kwa maambukizi ya njia ya mkojo, ikaletwa kama kimbilio, lakini taarifa za usugu dhidi yake zilianza kutoka Zaire mapema katika miaka ya 1980. Burundi nayo ilifika hapo. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Burundi na Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 katika jarida la The Journal of Infectious Diseases, ulionyesha kuwa bakteria wa macinya nchini Burundi alikuwa sugu kwa dawa zote za kumeza zilizokuwa zikipatikana kwa kawaida nchini. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyefika kwenye kituo cha afya cha mlimani mwaka 1990 angeweza kupewa dawa, lakini dawa yenyewe haikuwa na kazi.

Mfuatano huu una mantiki yake. Kila dawa ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa nafuu na ilikuwapo ghalani. Vituo vingi havikuwa na maabara ya kuotesha bakteria, kwa hiyo dawa moja ilitolewa kwa wagonjwa wote wa kuhara damu mpaka ilipoonekana dhahiri kwamba haifanyi kazi tena. Kila hatua ikawa imemwandalia bakteria njia ya hatua inayofuata. Usugu dhidi ya asidi ya nalidiksiki una hatari ya ziada, kwa kuwa hutokana na badiliko katika kimeng'enya kilekile kinachoshambuliwa na siprofloksasini. Anayeizoea dawa ya kwanza amekwisha kupiga hatua moja kuelekea kuishinda ya pili.

Kisha vikaja vita. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire, na wengine wakawa wakimbizi wa ndani. Mwaka uliofuata, katikati ya Julai 1994, kati ya Wanyarwanda 500,000 na 800,000 waliingia Kivu Kaskazini kwa muda wa siku chache. Takribani 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu kilichofuatwa na kuhara damu kulikosababishwa na Shigella aliye sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Makambi ya Goma yaliionyesha dunia kile ambacho vituo vya afya vya Burundi vilikuwa vimekwisha kukijua kwa miaka minne.

Mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kudhibiti milipuko ya Shigella dysenteriae aina ya 1. Miongozo hiyo ilihimiza usafi wa mikono, maji salama, ufuatiliaji wa usugu na uteuzi makini wa viuavijasumu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, asidi ya nalidiksiki iliondolewa rasmi katika mapendekezo ya shirika hilo, na siprofloksasini ikawekwa kuwa chaguo la kwanza.

3.0 Butare: Mimea Mia Moja Katika Mizani

Katika miaka hiyohiyo ya macinya, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea Butare, kusini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Burundi. Kituo cha chuo kikuu kilichoshughulikia famasia na tiba za jadi, kilichojulikana kwa kifupi cha Curphametra, kilikuwa kikikusanya mimea kutoka kwa waganga na kuichunguza kikemia. Luc Van Puyvelde na wenzake walichapisha mwaka 1986 utafiti kuhusu umuravumba, yaani Tetradenia riparia, kichaka chenye harufu kali kinachopandwa uani na kutumiwa dhidi ya maradhi mengi, yakiwamo ya tumbo na ya koo. Walitenga katika majani yake kiambata cha kundi la diterpini na kuthibitisha kuwa kinazuia ukuaji wa vimelea kadhaa maabara. Mmea mwingine, isagara, yaani Pentas longiflora, ulionekana kuwa na kiambata kinachoua kuvu, jambo lililoafikiana na matumizi yake ya jadi dhidi ya magonjwa ya ngozi.

Kazi kubwa zaidi ilichapishwa mwaka 1995, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Antwerp. Mimea 100 inayotumiwa na waganga wa Rwanda kutibu maambukizi ilipimwa dhidi ya bakteria, kuvu na virusi. Matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Asilimia 45 ya mimea ilionyesha nguvu dhidi ya Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda. Dhidi ya Pseudomonas aeruginosa ilikuwa asilimia 16. Dhidi ya kuvu wawili wa ngozi, Microsporum canis na Trichophyton mentagrophytes, ilikuwa asilimia 80 na 60. Lakini dhidi ya Escherichia coli ilikuwa asilimia 2 tu.

Takwimu hii ya mwisho ndiyo inayoiunganisha Butare na macinya. Kwa vigezo vya kijenetiki, Shigella ni tawi la E. coli, wanasayansi wengi huona kuwa majina hayo mawili yamebaki tofauti kwa sababu za kihistoria na za kitabibu. Ikiwa mimea miwili tu kati ya mia moja ndiyo iliyomgusa E. coli, basi hakuna msingi wa kudai kwamba dawa ya macinya ilikuwa imelala vichakani ikisubiri kuchumwa. Wakati huohuo, takwimu za ngozi na vidonda zinaonyesha kuwa waganga hawakuwa wakibahatisha. Pale ambapo mtu anaweza kuliona jeraha, kulipaka dawa na kufuatilia kupona kwake siku baada ya siku, maarifa ya jadi yaliichuja mimea kwa ufanisi mkubwa.

4.0 Kwa Nini Asilimia Mbili?

Maelezo ya tofauti hiyo yamo katika umbile la bakteria wenyewe. E. coli, Shigella na jamaa zao wana utando wa ziada wa nje unaozuia molekuli nyingi kupenya. Zile zinazofanikiwa kupenya hukutana na pampu zilizo ndani ya utando huo, ambazo huzitoa nje haraka kuliko zinavyoingia. Staphylococcus hana utando huo wa nje, ingawa naye ana pampu zake.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha jinsi mimea inavyokabiliana na pampu hizo. Mimea ya jenasi Berberis hutengeneza beberini, kiambata chenye nguvu ndogo dhidi ya Staphylococcus kwa sababu bakteria huyo hukitema. Lakini mimea hiyohiyo hutengeneza kiambata cha pili ambacho peke yake hakiui kitu, ila huiziba pampu; viambata hivyo viwili vikiwa pamoja, beberini hubaki ndani na kufanya kazi. Utafiti uliofuata mwaka 2002 ulionyesha kuwa viambata vingi vya mimea vinavyoonekana dhaifu dhidi ya bakteria wenye utando wa nje hupata nguvu kubwa pampu zinapozibwa.

Ugunduzi huu unabadilisha swali la kihistoria. Kipimo cha Butare kiliuliza kama mmea unaweza kuua bakteria peke yake, na hilo lilikuwa swali halali kwa wakati wake. Swali ambalo halikuulizwa kwa mapana yake ni kama mmea unaweza kuirudishia nguvu dawa iliyokwisha kushindwa. Nchi ambayo tayari ilikuwa na ghala la ampisilini na asidi ya nalidiksiki isiyofanya kazi ilikuwa na sababu ya pekee ya kutaka jibu la swali hilo la pili.

5.0 Kukatika na Kuanza Upya

Mazingira ya kuliuliza hayakuwapo. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda yalikatiza maisha ya watu na uhai wa taasisi za Butare. Nchini Burundi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1995, wanafunzi wa Kihutu waliuawa ndani ya Kampasi ya Mutanga. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Chuo kilichopaswa kuwafundisha wataalamu wa bakteria na wa mimea kilikuwa kikihangaika kubaki na walimu na wanafunzi. Gharama ya vita kwa sayansi haihesabiki kwa majengo peke yake. Huhesabika pia kwa mfuatano wa vizazi uliokatika, ambapo aliyejua jina la mmea, aliyejua kuuchunguza na aliyepaswa kurithi kazi yao hawakupata kukutana.

Uzi huo ulianza kushikwa tena katika muongo wa 2010. Mwaka 2015 Ngezahayo na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Université Libre de Bruxelles, walichapisha orodha ya mimea inayotumiwa na waganga wa Burundi kutibu maradhi ya vimelea. Mwaka 2017 wakafuatisha uchunguzi wa maabara wa mimea mitano iliyotokana na kazi hiyo, ikiwamo Platostoma rotundifolium na Virectaria major. Kwa upande wa serikali, amri ya rais ya mwaka 2014 iliweka kanuni za utoaji wa tiba za jadi. Kwa upande wa bakteria, uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha sampuli 331 za Shigella dysenteriae aina ya 1 zilizokusanywa kati ya mwaka 1915 na 2011 katika nchi 66, na kuonyesha jinsi nasaba za bakteria huyo zilivyosafiri kati ya mabara, zikiongeza usugu njiani. Sampuli za Afrika zilisaidia kuiandika historia hiyo, lakini uchambuzi wake ulifanyika Ulaya.

6.0 Neno "Usugu" na Uelewa wa Umma

Sera ya afya hupita katika lugha, na hapa Kiswahili kina kazi ya kufanya. Neno "sugu" hubeba maana mbili zinazokaribiana mno. "Ugonjwa sugu" ni maradhi yanayokaa mwilini kwa muda mrefu. "Bakteria sugu" ni yule asiyeuawa na dawa. Msikilizaji anayeambiwa kuna "usugu wa dawa" anaweza kuelewa kwamba ni mwili wake uliozoea dawa, na akahitimisha kuwa, kwa kuwa yeye hatumii dawa mara kwa mara, hatari hiyo haimhusu. Kosa hili si la Waswahili peke yao: uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 12, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kuwa asilimia 76 ya waliohojiwa waliamini kuwa mwili ndio unaokuwa sugu. Tanzania imechukua hatua nzuri kwa kutumia istilahi "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", inayomtaja mwenye usugu waziwazi. Istilahi hiyo inafaa kuenezwa Burundi, Kongo ya Mashariki na kwingineko katika ukanda huu.

Majina ya mimea nayo yanahitaji uangalifu. Vernonia amygdalina ni mtugutu kwa Kiswahili na umubirizi kwa Kirundi na Kinyarwanda. Jina moja la kienyeji likihusisha mimea miwili, au mmea mmoja ukiwa na majina kumi, matokeo ya maabara hayawezi kumfikia mtumiaji bila kupotea. Kamusi ya pamoja ya mimea dawa ya Maziwa Makuu, yenye jina la kisayansi mbele ya kila jina la kienyeji, ni chombo cha usalama wa mgonjwa kabla ya kuwa kazi ya kiisimu.

7.0 Maana kwa Sera

Historia hii inaelekeza kwenye mambo manne. La kwanza ni kwamba maji na sabuni ndivyo vinavyoanza. Ugonjwa unaoenezwa na bakteria kumi hauzuiwi kwa dawa yoyote, iwe ya kiwandani au ya mitishamba, ikiwa mikono haioshwi. Kutangaza mimea kama mbadala wa miundombinu ya maji ni kuwahamishia wananchi mzigo wa serikali.

La pili ni kuwakutanisha bakteria na mimea. Maabara zinazotenga bakteria sugu kutoka kwa wagonjwa na vituo vinavyochunguza mimea vinapaswa kuwa na mkataba wa kubadilishana sampuli, ili mimea ipimwe dhidi ya bakteria wanaowaua watu wa hapa. Bujumbura ina nafasi nzuri, kwa kuwa ni makao ya Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya chenye mamlaka ya kuratibu kazi ya namna hiyo.

La tatu ni kuuliza swali sahihi. Upimaji uweke mkazo kwenye maeneo mawili ambako ushahidi una uzito: dawa za kupaka kwa ngozi na vidonda, na viambata vinavyoweza kuzirudishia nguvu dawa zilizopo. Kila kimoja kipitie uchunguzi wa sumu na wa kipimo, kwa kuwa mmea wenye uwezo wa kuua bakteria unaweza pia kudhuru ini au figo. Wala isidhaniwe kuwa mmea haupati usugu. Atemisinini ilitokana na mmea, na ilipotumiwa peke yake hatari ya usugu ikawa kubwa kiasi cha Shirika la Afya Duniani kutaka itolewe pamoja na dawa nyingine. Burundi yenyewe ilifuata njia hiyo ya dawa mseto kwa malaria mwaka 2003.

La nne ni haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka jamii zinazotoa mimea na maarifa zigawiwe faida kwa haki. Bila mikataba ya wazi, waganga watakuwa na sababu ya kunyamaza, na kila mganga mzee anayefariki kimya huondoka na sehemu ya orodha ambayo watafiti bado hawajaiandika.

8.0 Hitimisho

Kati ya mwaka 1979 na 1990 bakteria mmoja aliziondolea nchi za Maziwa Makuu dawa zilizochukua miaka mingi kugunduliwa. Mimea mia moja ya Butare haikuwa na jibu la moja kwa moja kwake, na kulisema hilo bila kuficha ndiko kunakoipa mimea heshima inayostahili, kwa kuwa takwimu zilezile zinaonyesha wapi inafaa na namna gani inaweza kusaidia. Dawa ya macinya iliyotumika miaka ya 2000, siprofloksasini, tayari imepoteza nguvu dhidi ya aina kadhaa za Shigella katika sehemu nyingine za dunia. Mlipuko ujao ukifika kabla maabara za bakteria na za mimea hazijaunganishwa, wahudumu wa vituo vya afya watajikuta tena pale walipokuwa mwaka 1990: dawa ipo mkononi, mgonjwa yupo mbele yao, na hakuna anayejua kama hiyo dawa itafanya kazi.